UZI: Kesi ya Ripple na SEC imekwisha. Mwenye XRP wa Nairobi alipata nini?

Karani_wa_Chama aliandika:

Wadau, salaam.

Tangu kesi ya Ripple, kampuni ya Marekani iliyo nyuma ya sarafu ya kripto iitwayo XRP, ifungwe Agosti 2025, kila grupu la WhatsApp nililomo lina mtu anayeshangilia kwamba "tumeshinda". Mimi ndiye ninayeshika vitabu vya chama chetu huku Buruburu, na baadhi ya wanachama walitaka sehemu ya akiba iingizwe kwenye XRP kwa hoja hiyo moja tu, kwamba kesi imeisha na njia ni nyeupe. Pesa hizo ni za watu wanaojinyima, kwa hiyo kabla ya kikao niliifuatilia kesi tangu mwanzo wake. Naweka hapa nilichokiona, na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Ninachosema ni hiki: mdhibiti akiishtaki kampuni ya kripto, mwenye tokeni, yaani sarafu ya kripto kama XRP, huumia siku ile ile kesi inapofunguliwa, kabla jaji hajasoma hata ukurasa mmoja. Hukumu ikija baada ya miaka, iwe tamu au chungu, haimrudishii kitu.

Tuanzie 22 Desemba 2020. Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, SEC, iliishtaki Ripple Labs mahakamani New York pamoja na wakubwa wake wawili, Brad Garlinghouse na Chris Larsen. Dai lilikuwa kwamba tangu 2013 wameuza XRP na kukusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 bila kuisajili kama dhamana, yaani bidhaa ya uwekezaji kama hisa. Hapo watu wengi huteleza, wakadhani Ripple walishtakiwa kwa utapeli. La. Walidaiwa kuuza kitu kinachofanana na hisa bila kuwapa wanunuzi taarifa ambazo muuza hisa analazimika kuzitoa: hesabu za kampuni, hatari zake, nani anamiliki kiasi gani.

Kipimo kinachotumika kuamua kama kitu ni dhamana ni cha 1946. Kampuni ya Howey kule Florida iliuza vipande vya mashamba ya machungwa na kuwaambia wanunuzi wasihangaike na jembe, kampuni italima, itavuna na itauza, wao wangoje faida. Mahakama ya Juu ikasema huo ni mkataba wa uwekezaji: umetoa pesa, kwenye mradi wa pamoja, ukitarajia faida itoke kwa jasho la mwingine. Karibu miaka 80 baadaye, hoja ile ile ya machungwa ndiyo inayopima tokeni.

Sasa tazameni kilichotokea kwenye soko. Kabla ya habari kutoka, XRP ilikuwa imepita senti 50 za dola. Wiki moja baadaye ilikuwa karibu na senti 20. Tarehe 28 Desemba Coinbase, soko kubwa la kripto la Marekani, ikatangaza kwamba itasimamisha biashara ya XRP kuanzia 19 Januari 2021. Bitstamp, soko jingine, ikawafungia wateja wa Marekani. Grayscale, kampuni ya uwekezaji wa kripto, ikaitoa kwenye mfuko wake. MoneyGram, aliyekuwa mshirika mkubwa wa Ripple katika kutuma pesa, akajitenga mapema mwaka huo. Yote haya hakuna mahakama iliyoyaamuru. Soko lilijifungia lenyewe, na sababu inaeleweka: XRP ikija kuonekana ni dhamana, basi na soko lililoiuza bila leseni ya kuuza dhamana limekosa pia. Hakuna mwanasheria wa kampuni atakayeketi kungoja hukumu huku bosi wake akiendelea kujiongezea makosa.

Mtu wa Nairobi hakuwa mteja wa New York, na wengi wetu tulikuwa kwenye masoko ambayo hayakuiondoa XRP. Je, tulipona? Bei ni moja dunia nzima. Halafu njia yetu ya kutokea ina milango miwili. XRP haiendi moja kwa moja kwenye M-Pesa. Kwanza unaigeuza USDT, tokeni inayofuata thamani ya dola, kisha unaiuza hiyo USDT kwa P2P, yaani mtu kwa mtu. Siku ya kawaida ni kazi ndogo. Siku ya hofu kila mtu yuko mlangoni, na wanunuzi wa USDT wanalijua hilo, kwa hiyo shilingi wanazotoa kwa dola zinashuka.

Anayefahamu P2P anajua picha yenyewe. USDT yako imefungiwa na soko mpaka uthibitishe kwamba umelipwa. Ujumbe wa M-Pesa unaingia. Huutegemei ujumbe, unafungua salio lenyewe, maana ujumbe hughushiwa. Salio limeongezeka, lakini jina la aliyetuma si jina la mwenye akaunti. Ukiachilia, pengine pesa hiyo imeibwa mahali na kesho laini yako inazuiwa. Ukikataa, unaingia kwenye malalamiko na mtu usiyemjua, na saa ya muamala inahesabu dakika huku bei ikiporomoka. Hayo nayo ni madhara ya kesi, ingawa hayataandikwa kwenye hukumu yoyote.

Miaka miwili na nusu ikapita. 13 Julai 2023, Jaji Analisa Torres akaigawa kesi vipande. XRP ambazo Ripple iliziuza moja kwa moja kwa taasisi kubwa, za thamani ya takriban dola milioni 728, zilikuwa mikataba ya uwekezaji na zilipaswa kusajiliwa. Zile ilizouza kwenye masoko ya mtandaoni hazikuwa. Sababu yake ni kwamba mnunuzi wa sokoni hajui pesa yake inaenda kwa Ripple au kwa mtu mwingine anayeuza tu, hivyo hawezi kusemwa ameweka matumaini yake kwa ahadi za Ripple kama taasisi ilivyofanya.

Siku hiyo XRP ilitoka karibu senti 47 ikapita senti 80. Coinbase na Kraken wakairudisha. Watu wakacheza. Mwezi uliofuata ilikuwa imerudi karibu na senti 50.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo palinikera. Ukiisoma hukumu hiyo kwa jicho la mwekezaji mdogo, mfuko mkubwa wenye mawakili wake ndio ulioambiwa una haki ya kupewa taarifa. Wewe uliyenunua kwa simu ukiwa kwenye matatu ya Jogoo Road, ambaye hata hesabu za kampuni huwezi kuzifikia, sheria ile haikuhusu. Na sisi ndio tuliokuwa tukiimba ushindi. Wiki chache tu baadaye, tarehe 31 Julai, Jaji Jed Rakoff wa mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Terraform, kampuni nyingine ya kripto, aliukataa mgawanyo huo wazi wazi. Majaji wawili wa jengo moja hawakukubaliana.

Agosti 2024 ikaja faini: dola 125,035,150, wakati SEC ilitaka karibu bilioni 2. Faini ya namna hiyo huingia kwenye hazina ya serikali ya Marekani. Jaji hakuamuru Ripple irudishe faida kwa yeyote. Pande zote zikakata rufaa. 2025 uongozi wa SEC ukabadilika, wakapatana kupunguza faini iwe milioni 50, jaji akakataa mara mbili kuibadilisha hukumu yake kwa sababu tu wahusika wamepatana. Agosti 2025 rufaa zikafutwa, faini ikabaki ile ile.

Na wenye XRP? Wakili John Deaton aliomba waingizwe kwenye kesi wawe upande wa tatu. Jaji alikataa, akawaruhusu tu kutoa maoni kama marafiki wa mahakama. Zaidi ya watu 75,000 walijiandikisha nyuma yake. Idadi hiyo inaweza kuujaza uwanja wa Kasarani na wengine wakabaki nje, na bado hawakuwa na kiti mezani.

Nimemaliza yangu. Karibuni.

Jirani_wa_Kayole:

Karani, umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Kuna watu walinunua senti 20 wakati wengine wanakimbia, na Januari 2025 XRP ilipita dola 3. Julai ikapita 3.60. Kwa huyo mtu kesi ilikuwa neema. Mbona humtaji? Soko la hofu ndilo soko la kununulia, hata huku kwetu ploti zinanunuliwa wakati wa wasiwasi.

Karani_wa_Chama:

Ndugu yangu, namtaja. Tena nikuongezee: Aprili 2021, kesi ikiwa imepamba moto na Coinbase imefunga, XRP ilikaribia dola 2. Kwa hiyo siwezi kusema kesi iliizika bei. Bitcoin ilipokimbia, nayo ilivutwa.

Lakini mpime huyo wa senti 20. Lazima awe na pesa asiyoihitaji kwa miaka minne. Chama chetu hulipa karo Januari, Mei na Agosti, na mwanachama akifiwa tunatoa ndani ya siku mbili. Pesa ya namna hiyo haiwezi kungoja jaji.

Pili, wewe unaihesabu tokeni iliyopona. LBRY, kampuni ndogo ya kripto ya Marekani, nao walishtakiwa na SEC kwa kosa hilo hilo la usajili, bila dai la utapeli. Novemba 2022 jaji wa New Hampshire akawapa SEC ushindi, na Oktoba 2023 kampuni ikatangaza inafunga. Aliyenunua tokeni yao katika hofu akisema "hii itarudi kama XRP" bado anaishikilia. Ripple walikuwa na mabilioni ya kupigana. Mdogo hana. Telegram nao, wale wa programu ya ujumbe waliotaka kutoa tokeni yao, kwa ukubwa wao wote, mwaka 2020 walikubali kurudisha zaidi ya dola bilioni 1.2 kwa wawekezaji na kulipa faini ya milioni 18.5, na mradi ukaachwa.

Jirani_wa_Kayole:

Sawa, hapo kwa LBRY nimekuelewa. Lakini tofauti ni kwamba Telegram watu walirudishiwa pesa.

Karani_wa_Chama:

Kweli, na ni kwa sababu SEC iliwazuia kabla tokeni hazijagawiwa. Wawekezaji walijulikana kwa majina, pesa ilikuwepo. Tokeni ikishatawanyika kwenye pochi za watu dunia nzima, nani atamrudishia nani?

Fundi_Luthuli:

Naomba kuongeza kitu ambacho Karani amekiruka. Tokeni yako inaweza kuumia hata kama walioitengeneza hawajashtakiwa. Juni 2023 SEC iliyashtaki masoko mawili makubwa ya kripto, Binance tarehe 5 na Coinbase tarehe 6. Ndani ya hati za mashtaka wakaorodhesha tokeni wanazoziona ni dhamana: SOL, ADA, MATIC na nyingine. Watengenezaji wake hawakuwa washtakiwa. Robinhood, programu ya Marekani ya kununulia hisa na kripto, wakaziondoa hizo tatu kufikia 27 Juni. Nina wateja hapa dukani walikuwa na ADA, tokeni ya mtandao wa Cardano, wakaniuliza Cardano wamefanya kosa gani. Hawakuwa hata mahakamani!

Na mwisho wake? Kesi ya Coinbase SEC waliifuta Februari 2025, ya Binance Mei 2025. Hakuna aliyethibitishiwa kwamba ADA ni dhamana wala kwamba si dhamana. Aliyeuza kwa hasara ameuza.

Mwanasheria_Mtarajiwa:

Wakubwa, shikamooni. Nasoma sheria na ningependa kuirudisha hoja nyumbani, maana mnaongea kana kwamba Howey ni jambo la Wamarekani peke yao.

Januari 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ilitahadharisha umma kuhusu KeniCoin, tokeni iliyokuwa ikiuzwa hapa hapa Kenya na Wiseman Talent Ventures. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu ikiomba CMA izuiwe kuiingilia. Mahakama ikakataa, na katika kufikia uamuzi huo ikatumia kipimo cha Howey. Kwa hiyo machungwa ya Florida yalishafika Milimani zamani.

Maana yake kwa mwekezaji wa hapa: hata kabla hatujawa na sheria ya kripto, tokeni ikiuzwa kwa ahadi kwamba "timu yetu itaikuza thamani", CMA ilikuwa na pa kushikia.

Karani_wa_Chama:

Marahaba, wakili wetu. Hilo sikuliweka na lilistahili kuwa juu kabisa. Tupe basi na sheria mpya.

Mwanasheria_Mtarajiwa:

Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe ilitiwa saini na Rais Oktoba 2025, ikaanza kufanya kazi Novemba 4. Benki Kuu na CMA wamegawana usimamizi. Anayetaka kuendesha soko au kutunza pochi za watu lazima apate leseni, awe na ofisi nchini, na atenganishe mali ya wateja na mali ya kampuni. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa mwekezaji, kuliko mengine yote. Soko likifilisika au likishtakiwa, swali la kwanza ni kama tokeni zako zilikuwa zako au zilichanganywa kwenye kapu la kampuni.

Lakini Novemba hiyo hiyo CBK na CMA walitoa tangazo la pamoja kwamba hawajampa yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo ukikutana na bango la "tumeidhinishwa na Benki Kuu" lililobandikwa wakati huo, lilikuwa la uongo.

Mama_Gikomba:

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi sinunui XRP wala hiyo ya machungwa. Nanunua USDT kwa kijana mmoja hapa sokoni ili nilipe mzigo unaotoka Guangzhou. Haya ya kesi yananihusu? Na ile kodi ya asilimia 3 bado ipo?

Karani_wa_Chama:

Mama, shikamoo. Nianze na kodi. Ile ya asilimia 3 ilianza 1 Septemba 2023, na ubaya wake ni kwamba ilikatwa kwenye thamani yote ya muamala, hata kama umeuza kwa hasara. Mtu aliyenunua kwa laki moja akauza kwa elfu sitini bado alitakiwa kutoa 1,800. Iliondolewa 1 Julai 2025. Badala yake kuna ushuru wa asilimia 10, lakini huo ni juu ya ada anayotoza mtoa huduma, haugusi kiasi chote. Akikutoza ada ya shilingi 200, ushuru ni 20.

Kuhusu kesi: USDT haipandi wala haishuki kama XRP, kwa hiyo hofu yako isiwe bei. Hofu yako iwe huyo kijana. Wewe unampa shilingi, yeye anatuma USDT kwa muuzaji wako China. Je, anatuma papo hapo ukiwa umesimama, au "jioni"? Akaunti yake ikizuiwa katikati, mzigo wako haujalipwa na pesa imeshatoka kwako.

Mama_Gikomba:

Marahaba mwanangu. Anasema jioni.

Fundi_Luthuli:

Mama, usikubali jioni. Afungue simu mbele yako, aweke anwani ya muuzaji, nawe uisome herufi za mwanzo na za mwisho ulinganishe na ile uliyotumiwa. Akishatuma, omba namba ya muamala uiweke. Muuzaji akithibitisha kwamba ameipokea ndipo mmalizane. Na kama una mzigo mkubwa, gawa. M-Pesa yenyewe haikuruhusu kupita 250,000 kwa mara moja, tumia kikomo hicho kama kinga yako.

Mpangaji_Umoja:

Mbona mnasahau Worldcoin? Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC wachanganuliwe macho wapewe tokeni za karibu shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za macho zifutwe ndani ya siku saba. Nilikuwa kwenye ile foleni. Tokeni zangu hazikuchukuliwa, ila hakuna aliyewahi kutueleza kama tuziuze, tuziache au tuzirudishe.

Mwanasheria_Mtarajiwa:

Mfano mzuri, na tofauti yake ni kwamba mlango uliotumika ni wa ulinzi wa data, haukuwa wa dhamana. Mradi wa kripto unaweza kushikwa kwa sheria ambayo mwekezaji hakuifikiria kabisa. Hata hivyo kesi ile iliwalinda watu moja kwa moja: Katiba Institute waliileta kwa niaba ya umma, na amri ya mahakama ikagusa kitu cha kila aliyepanga foleni. Linganisha na New York, ambako wenye XRP waliishia kuwa marafiki wa mahakama.

Jirani_wa_Kayole:

Karani, sasa chama kiliamua nini? Usituache hewani.

Karani_wa_Chama:

Tulikaa Jumapili na mjadala ulikuwa mkali, maana vijana wana hoja na wazee wana hoja. Niliwasomea haya yote, kisha nikauliza maswali mawili tu. Ripple wakishtakiwa tena kesho, ama hapa ama kwingine, ni nani kati yetu atakayeuza, kwa akaunti ya nani, na pesa itaingia laini ya nani? Na kikitokea kifo katika wiki hiyo, tutatoa kutoka wapi?

Swali la kwanza ndilo lililotukwamisha. Chama hakina akaunti ya soko la kripto, ingebidi mmoja wetu aishike kwa jina lake, na mweka hazina alikataa katakata. Simlaumu hata kidogo. Kwa hiyo akiba inabaki SACCO, na anayetaka XRP anunue kwa jina lake na pesa yake. Wawili wameshanunua, nami nimewasaidia kuandika walinunua bei gani na tarehe gani, ili siku ya kuuza wajue faida ni faida kweli.

Tulikubaliana pia tulirudie suala hili leseni za kwanza zikitoka. Wakili, kanuni zikichapishwa tafadhali ziweke humu humu, hasa kifungu cha kutenganisha mali ya wateja. Nitakisoma kwenye kikao neno kwa neno.

Mwanasheria_Mtarajiwa:

Zikitoka tu naziweka. Na kama kuna muda wa umma kutoa maoni, tuandike barua moja ya pamoja kutoka uzi huu. Mama Gikomba naomba awe wa kwanza kutia sahihi, kwa sababu biashara yake ndiyo itakayoguswa mapema.

Mama_Gikomba:

Niandikieni, nitatia. Na leo kijana ametuma mbele yangu.